Kadi kaisahau nyumbani na laptopu bado imefunguka, sasa kadi ya nini?

Dada mmoja anayesimamia kompyuta kwenye ofisi ya kliaringi Kurasini kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Ofisi ilinunua laptopu mpya pamoja na smatikadi za kuingilia, fundi akatuambia sasa paswedi basi, hakuna mtu ataingia bila kadi. Juzi kijana wetu wa nyaraka kaacha kadi nyumbani Chanika, saa tatu namkuta yuko kwenye mashine anapiga kazi, kumuuliza anasema kaandika paswedi yake ya zamani. Alafu wiki hiyohiyo mwenzetu kaporwa begi Buguruni akishuka daladala, laptopu na kadi vyote vimeenda. Bosi ananiuliza mwizi anaweza kuingia au hawezi, sina jibu. Je tumepigwa? Turudi kwenye paswedi?"

Dada yangu poleni sana kwa begi. Nianze na swali la bosi maana yeye ndo anasubiri. Kama diski ya ile laptopu haikuwa imeenkriptiwa, yaani kufungwa kwa msimbo kwa BitLocker au programu nyingine ya namna hiyo, basi mwizi hahitaji kadi, hahitaji PIN, hahitaji hata kuiona skrini ya kuingilia. Anafungua skrubu za chini, anachomoa diski, anaiweka kwenye kasha la USB, yale yanauzwa Kariakoo kila duka la kompyuta, anachomeka kwenye mashine yake na mafaili yenu yako mbele yake, ankara, nyaraka za mizigo, kopi za pasipoti za wateja, kila kitu. Smatikadi haihusiki popote hapo. Kazi ya kadi ni kuiambia Windows huyu aliyekaa hapa ni nani, sasa kama Windows yenyewe haijawashwa kadi inamwambia nani?

Kwa hiyo leo, kabla ya kuendelea kusoma, kaa kwenye laptopu mojawapo ya zilizobaki, fungua ile dirisha nyeusi ya amri kama admini, andika manage-bde -status na usome kwenye C, yaani diski yenye Windows, imeandikwa nini. Kama zote zilinunuliwa pamoja na fundi mmoja alizipanga, kuna uwezekano mkubwa iliyoibwa ilikuwa hivyohivyo. Angalia pia mna Windows gani, kwa sababu Home haina BitLocker kamili, unahitaji Pro, ingawa laptopu nyingine mpya za Home zinajienkripti zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukikuta diski ziko wazi, hiyo ndo kazi ya wiki hii na mengine yote niliyoandika chini yasubiri. Na ukishawasha BitLocker ule ufunguo wa kuokolea, wa tarakimu 48, usiuache ndani ya laptopu hiyohiyo wala kwenye karatasi ndani ya begi la laptopu, utunze kwenye seva au uprinti uweke kwenye sefu ya ofisi.

Kama ulikuwa umeenkripti, afadhali kubwa, lakini bado kuna vitu viwili bosi avijue. Kwa kawaida BitLocker inategemea chipu ya TPM peke yake, ile inayotunza funguo ndani ya laptopu, ukiwasha mashine diski inajifungua yenyewe mpaka kwenye skrini ya kuingilia, ndo hapo sasa kadi inaanza kuwa na maana. Kwenye laptopu ambazo TPM ni chipu ya pembeni watafiti wameshaonyesha kwamba ufunguo unaweza kunaswa kwenye nyaya kati ya TPM na prosesa. Mporaji wa Buguruni hatafanya hivyo, ila kwa laptopu ya mkurugenzi au ya mhasibu mimi ningeongeza PIN ya kuwashia, ile inayoulizwa kabla Windows haijaanza. Na usitegemee smatikadi ikufanyie hiyo kazi, BitLocker inaikubali kadi kwenye diski za data tu, C haifunguki kwa kadi. Kitu cha pili ni kwamba mtu anafunika laptopu anaitia kwenye begi, ile haijazimwa, imelala, na ufunguo wa diski bado uko kwenye memori. Panga ukifunika iende hibaneti, yaani ihifadhi kazi kwenye diski kisha ijizime kabisa.

Sasa tuje kwa kijana wa Chanika, maana hapo ndo nadhani fundi wenu hakuwaambia ukweli wote. Smatikadi ukiiweka kwenye Windows haiondoi paswedi. Inaongeza njia ya pili ya kuingia, paswedi inabaki palepale mpaka mtu aizuie kwa makusudi. Kwa hiyo kama kijana alikuwa na paswedi ya zamani na hakuna aliyeizuia, usimlaumu, mashine ilimruhusu kihalali kabisa. Kwa muda wote huo usalama wenu ulikuwa uleule wa paswedi, kadi ilikuwa inaongeza urahisi tu.

Lakini kabla hujaenda kuzuia paswedi lazima ujue kadi zenu zinafanya kazi vipi, maana vinavyouzwa kwa jina la smatikadi mjini hapa vinatofautiana mno. Smatikadi ya kweli ina chipu yenye ufunguo wa siri ndani yake na ufunguo huo hautoki nje hata siku moja. Ukiandika PIN unaifungulia chipu isaini ombi la kuingia, ombi linaenda kwenye seva ya domeni, ile kompyuta inayosimamia akaunti za ofisi nzima, pamoja na cheti chako, yaani kitambulisho chako cha kidijitali, seva inakagua saini na cheti ndo inakuruhusu. Utaratibu huo unaitwa PKINIT, uliandikwa rasmi mwaka 2006 kama nyongeza ya Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watu kwenye mtandao, na Windows inautumia. Ona neno domeni hapo. Windows yenyewe kama ilivyo haina smatikadi ya kuingilia kwa akaunti za ndani ya mashine, inataka Active Directory, mfumo wa Microsoft unaoendesha domeni, au Entra ID, akaunti za kazi za Microsoft za mtandaoni. Zipo programu chache za nje zinazofanya kazi hiyo kwa vyeti vya kweli bila domeni, ila nyingi za bei rahisi zinafanya kitu kingine kabisa: zinahifadhi paswedi yako, ama kwenye kadi ama kwenye mashine, ukiweka kadi zinakuandikia paswedi badala yako. Yaani paswedi haijaenda popote, imefichwa tu, na kama programu imeificha vibaya basi anayeijua programu hiyo anaitoa.

Kujua mko wapi sio kazi ngumu. Kwanza, je ofisini mna seva ya domeni? Kama hamna, wala hamuingii kwa Entra ID, na kadi inafungua laptopu, basi kuna programu ya nje, itafute kwenye orodha ya programu na usome inafanya nini. Pili, weka kadi, fungua dirisha la amri, andika certutil -scinfo. Kadi ya kweli itakuomba PIN na kukuonyesha cheti, jina la mtu, tarehe ya kuisha. Ukiambiwa hakuna cheti, au kadi haitambuliki kabisa, basi hiyo ni kadi ya kumbukumbu tu au ya namba. Na tatu, muhimu kuliko zote, je mnapoingia mnaandika PIN au mnagusisha kadi tu mashine inafunguka? Kama ni kugusisha tu, dada, hiyo ni mbaya kuliko paswedi. Nyingi ya hizo ni zilezile kadi za milangoni, programu inasoma namba ya kadi basi, na namba ya kadi inakopiwa kwa kifaa kidogo mtu akiwa amesimama karibu yako. Hata MIFARE Classic, aina ya kadi za kugusisha ambayo ilikuwa na ulinzi wake, mwaka 2008 watafiti wa chuo cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, walionyesha wazi msimbo wake unavunjika, na mpaka leo zinauzwa na kufungwa kwenye maofisi.

Tuchukulie mna domeni na kadi ni za kweli. Kuna sehemu mbili za kuzuia paswedi na watu wanazichanganya. Ya kwanza iko kwenye sera ya mashine, inakataza mtu kuingia kwenye laptopu ile bila kadi, lakini paswedi yake bado ni nzima, anaweza kuitumia sehemu nyingine, kwenye VPN ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, kwenye barua pepe, kwenye kompyuta ambayo sera haijaifikia. Ya pili iko kwenye akaunti ya mtu mwenyewe ndani ya Active Directory, tiki iliyoandikwa "Smart card is required for interactive logon". Ukiiweka hiyo, seva inaibadilisha paswedi yake kuwa kitu kirefu cha kubahatisha, yaani herufi zisizo na mpangilio wowote, ambacho hata yeye hakijui, na paswedi ya zamani inakufa. Kijana wa nyaraka anahitaji hii ya pili, wenzake wote pia, na ya kwanza uiongeze juu yake.

Hapo kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hawalijui. Ile paswedi ya kubahatisha ina heshi yake, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye paswedi, na kadi ikishatumika kuingia, Windows bado inapewa heshi hiyo kwa ajili ya huduma za zamani zinazotumia NTLM, njia ya zamani ya Windows ya kumtambua mtu. Virusi vikipata nafasi ya admini kwenye laptopu vinaweza kuichukua na kuitumia kuingia kwenye seva bila kadi na bila PIN. Kinachouma ni kwamba paswedi ya kawaida mtu huwa anaibadilisha kila baada ya muda, hii ya kubahatisha haina mtu wa kuibadilisha, inaweza kukaa miaka. Kama domeni yenu iko kwenye kiwango cha Windows Server 2016 au zaidi kuna mpangilio wa kuifanya ijibadilishe yenyewe, uwashe. Kama ni seva ya zamani, toa ile tiki na uirudishe, paswedi mpya inatengenezwa, fanya hivyo mara kwa mara na hasa mtu akihisi mashine yake imeguswa.

Alafu swali litakalokuja Jumatatu ya kwanza: mtu kasahau kadi, afanyeje? Jibu sio kwenda kutoa tiki. Ukiitoa mara moja watu wote watajua ukisahau kadi unamwambia dada wa IT anakurudishia paswedi, na hamtakuwa na kadi tena. Weka kadi chache tupu kwenye sefu, mtu akisahau unamtolea ya muda yenye cheti cha siku hiyo tu, jioni anairudisha. Ni usumbufu kwako, najua, ila usumbufu huo ndo kadi zenyewe.

Na usisahau akaunti ya admini ya ndani ya kila laptopu. Mafundi wengi wanaweka paswedi moja kwenye mashine zote ili wasisumbuke, mtu akiipata kwenye moja kazipata zote na kadi yako haina usemi. Microsoft waliweka LAPS ndani ya Windows kwenye apdeti za Aprili 2023, inampa kila mashine paswedi yake ya admini na kuizungusha yenyewe, tumia hiyo. Kama mnatumia programu ya nje ya kadi, ijaribu pia kwenye sefu modi, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu. Windows ikiwa kwenye sefu modi kwa kawaida haipakii programu za nje za kuingilia, unaletewa kisanduku cha paswedi kama vile kadi haijawahi kuwepo.

Turudi Buguruni tena, kwenye kadi iliyokuwa ndani ya begi lilelile. Umeshafuta cheti chake kwenye seva? Kama bado, fanya hivyo sasa hivi na uzime akaunti ya ile kompyuta. Lakini ujue kwamba laptopu iliyoibwa haisikii habari hizo. Windows kwa kawaida inakumbuka waliowahi kuingia, mpaka kumi, ili mtu aweze kufanya kazi akiwa nje ya ofisi bila mtandao, na hao inawakubali bila kuiuliza seva. Kwa hiyo mwizi mwenye laptopu, kadi na PIN ataingia hata kama cheti kimefutwa wiki iliyopita, mradi asiiunganishe na mtandao wenu. Kwa laptopu zinazotembea punguza hiyo namba ibaki moja au mbili, ukiweka sifuri mtu wa bandarini hatafungua mashine kabisa akiwa mbali na ofisi.

Kilichobaki kati ya mwizi na mafaili hapo ni PIN, na habari njema ni kwamba PIN ya smatikadi ya kweli haibahatishwi kirahisi, ukikosea mara chache, nyingi ni tatu mpaka tano, chipu inajifunga yenyewe. Ndo maana PIN ya tarakimu sita kwenye chipu inaweza kuwa imara kuliko paswedi ndefu. Ila inategemea mmeichagua vipi. Kadi nyingi zinakuja na PIN ya kiwandani, kwa mfano YubiKey kwenye sehemu yake ya smatikadi inakuja na 123456, na namba ya kufungulia, PUK, ni 12345678, ziko kwenye maelekezo yao mtu yeyote anasoma. Kama fundi hakubadilisha, majaribio matatu yanatosha sana. Muulize yule mwenzetu kwa upole, sio kwa kumtisha, kama PIN ilikuwa imeandikwa mahali kwenye begi au nyuma ya kadi. Akiogopa atakudanganya na wewe utampa bosi jibu la uongo.

Na hili la kadi kukaa ndani ya laptopu kutwa nzima, ukitembea hapo ofisini nadhani utaziona nyingi hivyo. Kwa kawaida Windows ukichomoa kadi haifanyi chochote, mashine inabaki wazi. Kuna sera ya kuifanya ijifunge kadi ikitoka, na ili ifanye kazi huduma inayoitwa "Smart Card Removal Policy" lazima iwe inatembea, kwa hiyo ipange iwake yenyewe. Jaribu wewe mwenyewe: ingia kwa kadi, ichomoe, hesabu sekunde. Aliyeingia kwa paswedi akichomoa kadi mashine haitajifunga, sababu nyingine ya kumaliza paswedi kwanza. Kuwakumbusha watu wachukue kadi wakienda chai haisaidii sana, kinachosaidia ni kadi hiyohiyo iwe ndo inafungua mlango wa ofisi, kuna kadi zenye chipu ya kuchomeka na ya kugusisha pamoja, mtu akitoka bila kadi harudi ndani.

Kadi inayokaa ndani ina hatari nyingine pia. Januari 2012 kampuni ya AlienVault ilieleza aina ya virusi vya Sykipot vilivyolenga smatikadi za wizara ya ulinzi ya Marekani, vilikuwa vinanasa PIN mtu anapoiandika kwenye kibodi, alafu vinasubiri kadi iwe ndani na kuitumia kuingia sehemu zilizolindwa. Ufunguo haukuibwa, ulibaki kwenye chipu kama inavyotakiwa, ila ulitumiwa na mtu mwingine mwenyewe akiwa hajui. Kadi ikiwa mfukoni hilo haliwezekani. Rida, yaani visoma kadi, zenye kibodi yake ya PIN zinapunguza tatizo lakini kwa ofisi kama yenu sioni sababu ya kuzinunua, bora hela hiyo iende kwenye leseni za Pro.

Chipu zenyewe nazo zimewahi kuwa na kasoro. Oktoba 2017 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Cheki, walitangaza kasoro inayoitwa ROCA kwenye programu ya Infineon, kampuni ya kutengeneza chipu, inayozalisha funguo za aina ya RSA ndani ya chipu, Estonia ikalazimika kusimamisha vyeti vya vitambulisho vya taifa karibu laki saba na nusu. Kama kadi zenu ni stoki ya zamani iliyokaa dukani, angalia modeli na mwaka.

Kuhusu apdeti nitasema kidogo. Februari 2025 Microsoft walikaza jinsi cheti kinavyofungamanishwa na akaunti, na Oktoba 2025 wakabadilisha jinsi Windows inavyoshughulikia vyeti vya RSA vya smatikadi, mara zote mbili kuna ofisi ziliamka kadi hazifanyi kazi. Ikiwakuta msizime apdeti na msiwarudishie watu paswedi, tafuteni maelekezo ya Microsoft ya tatizo hilohilo, yapo.

Mrudi kwenye paswedi? Hapana. Kama mna domeni na kadi za kweli, zibaki, mmalize tu kazi ambayo fundi aliiacha nusu. Kama hamna domeni, mimi nisingejenga seva kwa ajili ya kadi tu, kwa ofisi ndogo ni mzigo, na ikikatika umeme au ikiharibika nani ataitengeneza? Kama barua pepe zenu tayari ziko Microsoft 365, funguo za FIDO2, vile vifaa vidogo vya kuchomeka vya kuingilia bila paswedi, au Windows Hello, njia ya Windows yenyewe ya kuingia, yenye PIN inayolindwa na TPM zitawapa karibu faida zilezile bila seva ya vyeti.

Na kama mlipigwa au hamkupigwa, hilo utalijua kwa majibu ya fundi. Mwandikie, usimpigie, muulize ufunguo wa kila kadi ulitengenezwa ndani ya chipu au kwenye laptopu yake alafu ukapakiwa, maana kama ni kwenye laptopu yake anaweza kuwa na kopi. Muulize nani anashika PUK, kwa nini paswedi hazikuzimwa, na kwa nini diski hazikuenkriptiwa kama hivyo ndivyo ulivyokuta. Barua hiyo utaihitaji pia kwa mwanasheria, pamoja na RB ya polisi, kwa sababu kama diski ilikuwa wazi kopi za pasipoti za wateja ziko mikononi mwa mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kutumika tangu Mei 2023, bosi asikae nalo kimya mpaka mteja aje kuuliza.